Picha ya Marisau Hupigwa na Giza

Ndugu Mwenyekiti, wapigapicha wenzangu, na ninyi mliokuja kwa sababu mlisikia kutakuwa na bunduki: karibuni nyote. Bunduki sikuja nayo. Nimekuja na picha chache, maputo matatu na pini moja, na hayo maputo tutayahitaji mwishoni.

Kiswahili kina utani wake. Picha tunaipiga, risasi tunaipiga, kitenzi ni kilekile. Sikuwahi kulitafakari jambo hilo mpaka siku nilipotakiwa kuyafanya yote mawili kwa mpigo mmoja, ndani ya chumba kisicho na mwanga hata wa kiberiti. Hapo ndipo nilipong'amua kuwa kati ya hao wapigaji wawili, mwenye bunduki ndiye mwenye kazi nyepesi.

Tazameni hii ya kwanza. Ni marisau ya shotigani, punje kama 350, mita moja tu kutoka mdomo wa mtutu. Zimesongamana kama nyuki walioacha mzinga. Nyuma yake ni kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisau ndani ya ganda. Kimeshafungua mikono yake minne, kimekamata upepo, kinaachwa. Huku pembeni kuna ukungu wa moshi, na ndani ya moshi vijipande vya baruti ambayo haikuwahi kuungua. Na punje hii ya kushoto kabisa, iangalieni vizuri: si duara. Ubavu mmoja umekuwa bapa kana kwamba mtu aliikanyaga. Tutairudia.

Sasa niwaulize. Shata ya kamera, ule mlango unaoruhusu mwanga kuingia, ilikuwa wazi kwa muda gani? Nasikia moja ya elfu moja ya sekunde. Nasikia moja ya elfu nane. Dada pale nyuma anasema moja ya milioni.

Sekunde nne. Na kamera yenyewe niliinunua ikiwa imeshatumika.

Sikusema hivyo ili kuwachekesha. Ndilo jambo lililonileta hapa. Watu wengi wakiona picha ya risasi hewani hudhani nyuma yake kuna kamera ya ajabu yenye kasi ya kutisha. Kamera haikufanya lolote. Ilikuwa imefumbua jicho lake gizani, inasubiri, haioni kitu. Kilichopiga picha ni cheche iliyoishi nusu ya mikrosekunde, na mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kabla ya cheche, giza. Baada ya cheche, giza. Shata halisi ni hilo giza.

Twende kwenye hesabu, maana bila hesabu mtadhani nawapigia porojo. Marisau yanatoka mtutuni kwa kasi ya mita 400 hivi kwa sekunde. Tunaposema kufumba na kufumbua, tunazungumzia moja ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo. Katika muda huo, hata ukikubali kwamba hewa inayapunguza kasi sana, marisau yameshapita mita 25. Sasa weka kamera yako kwenye kasi yake ya mwisho, moja ya elfu nane. Punje itasogea sentimita 5 wakati shata iko wazi. Punje yenyewe ina upana wa milimita 2.4. Utapata mchirizi wenye urefu wa punje ishirini zilizopangwa foleni, na mchirizi huo utakuwa mwembamba na hafifu kiasi kwamba huenda usiuone kabisa.

Na hapo nimekuonea huruma, kwa sababu shata ya pazia haifunguki yote kwa pamoja. Ni mwanya mwembamba unaoteremka mbele ya kipokea mwanga cha kamera, na safari yake yote huchukua kama milisekunde 4, yaani sehemu nne za elfu moja ya sekunde. Katika milisekunde 4 kundi zima la marisau limekwenda mita moja na sentimita 60. Sehemu ya juu ya picha yako inaona marisau, sehemu ya chini inaona ukuta.

Basi utasema, nitatumia flashi. Vizuri, unakaribia. Flashi ya kawaida ukiishusha mpaka nguvu yake ya chini kabisa hutoa mwanga wa karibu moja ya elfu thelathini ya sekunde. Inatosha kusimamisha tone la maji au puto linalopasuka. Kwa marisau, punje itasogea milimita 13, yaani upana wake mara tano. Tatizo la flashi hizo ni gesi ya zenoni iliyomo ndani ya bomba lake: ukishaiwasha hung'ang'ania kung'aa, kama mgeni aliyeaga lakini bado amesimama mlangoni. Ndiyo maana wenye kazi hii hurudi kwenye cheche ya hewani. Umeme wa maelfu ya volti unarundikwa kwenye kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, kisha unaachiwa uruke kutoka ncha moja ya chuma hadi nyingine katika hewa ileile tunayoivuta. Unapiga kelele kama kofi, unawaka, unazimika. Kwa nusu mikrosekunde punje ya marisau husogea milimita 0.2 tu. Hapo ndipo unapouona ubapa wa ubavuni.

Niweke onyo papa hapa, kwa sababu najua kuna mafundi humu wanaoshikwa na mwasho wa mikono. Kapasita ya flashi ya namna hiyo huua. Haichomi wala haitingishi, inaua, na inaweza kuua hata ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Yangu niliazima, pamoja na mwenyewe wa kuiendesha, na mimi sikuigusa.

Usiku wangu wa kwanza. Aliyeshika bunduki alikuwa mzee mmoja mlenga shabaha, mtu aliyevunja visahani vya udongo hewani kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Tulikuwa kwenye uwanja wa kulengea shabaha uliofunikwa, wenye kibali chake na ukuta wake wa kupokea risasi. Kabla ya yote alinikalisha chini.

"Mwanangu," akaniambia, "bunduki haijui kama taa zimezimwa."

Kisha akaweka masharti. Bunduki haishikwi na mtu. Itafungwa kwenye kiti cha chuma na kifyatulio kitavutwa kwa kamba kutoka nyuma ya ukuta. Ganda linaingizwa taa zikiwaka, na yeye peke yake ndiye anayeliingiza. Taa hazizimwi mpaka kila mtu ameitikia jina lake akiwa nyuma ya ukuta. Hakuna anayesogea mpaka taa zimewaka tena na yeye ameufungua mtutu na kuutazama ndani. Nikamjibu, "Sawa, mzee," lakini moyoni nikaona anarefusha mambo. Kufikia saa nne usiku, nimechoka, macho mazito, nikajikuta nimenyanyuka gizani kwenda kurekebisha lenzi wakati ganda likiwa ndani. Akaniita kwa jina mara moja tu, kwa sauti ya chini. Nikakaa. Tangu siku hiyo masharti yale nimeyaandika na kuyabandika kwenye mfuniko wa sanduku la kamera.

Tulipiga maganda kumi na mawili. Picha ya kwanza: nyeusi tii. Ya pili: nyeusi. Ya tatu ilikuwa nyekundu na njano tupu, kwa sababu nilisahau kwamba bunduki yenyewe hutoa moto mdomoni, na shata yangu ilikuwa wazi sekunde nne ikiunywa moto wote. Tukasimamisha ubao mweusi wenye tundu, marisau yapite, moto ubaki upande wa pili. Picha ya tano ilikuwa moshi. Ya sita, ile plastiki peke yake, mikono wazi, inaelea kama ua lililodondoka. Marisau yameshapita zamani. Ya nane ilikuwa ukuta.

Ya tisa ndiyo hii hapa. Mnaiona? Ubao mweusi safi, kila mstari wa mbao zake unahesabika, tundu, na hakuna chochote hewani. Ni picha kali kuliko zote za usiku ule. Mzee alikohoa. Mtego wetu, yaani kile kinachoiamuru cheche iwake, ulikuwa maikrofoni, na maikrofoni haijui tofauti ya kikohozi na bunduki.

Hapo tunafika kwenye kiini cha ufundi, ambacho ni mtego. Mwanga umeshapata. Giza unalo. Sasa cheche iwake saa ngapi? Fremu yangu ilikuwa na upana wa sentimita 30. Marisau huipita kwa milisekunde moja kasoro robo. Ukiwahi, picha tupu, ukichelewa, plastiki. Na wala usijaribu kuunganisha flashi na kifyatulio cha bunduki. Tangu kifyatulio kinapovutwa mpaka marisau yanapotoka mdomoni hupita milisekunde kadhaa: nyundo iende, kiwashio kiwake, baruti iungue, mzigo utembee mtutu mzima. Muda huo hubadilika ganda hadi ganda. Lazima marisau yenyewe ndiyo yaite cheche, yakiwa tayari nje.

Mtego wa sauti ni rahisi, na una utamu mmoja ambao sijauchoka. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzijoto 20. Ukiisogeza maikrofoni mbali na mdomo wa bunduki kwa sentimita moja, umechelewesha cheche kwa mikrosekunde 29, na katika muda huo marisau yamesogea milimita 12. Kwa hiyo huhitaji saa ya kielektroniki. Unahitaji rula. Nilichora mistari ya chaki mezani, nikawa naisukuma maikrofoni kwa kidole, mstari hadi mstari, na kwenye picha kundi la marisau linatembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama ng'ombe anayevutwa kwa kamba.

Mtego wa mwanga ni sahihi zaidi. Miale miwili inakatiza njia. Marisau yanakata wa kwanza, kisha wa pili, kifaa kinapiga hesabu ya kasi na kujua cheche iwake lini. Ila ukiuweka karibu na mtutu, gesi na moshi vinavyotangulia vitaukata kabla ya marisau, na utakuwa na mkusanyo mzuri wa picha za moshi. Mimi ninao.

Msidhani haya ni mambo ya leo. Mwaka 1851, jijini London, William Henry Fox Talbot, mmoja wa waasisi wa upigaji picha, alibandika ukurasa wa gazeti la The Times kwenye gurudumu, akalizungusha kwa kasi gizani, akaliwashia cheche ya umeme mara moja. Maandishi yalisomeka. Hiyo ni zaidi ya miaka 170 iliyopita, na kanuni ni ileile: kamera wazi, giza, cheche.

Lakini anayenivutia zaidi ni mwanafizikia Ernst Mach. Baada ya vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 na 1871, pande zote mbili zilishutumiana kwamba zilitumia risasi zinazolipuka, kwa sababu majeraha ya askari yalikuwa makubwa kupita kiasi. Mbelgiji mmoja, Louis Melsens, akawa na wazo jingine: kwamba risasi husukuma mbele yake donge la hewa iliyobanwa, na hewa hiyo ndiyo inayorarua mwili. Mach alimsikia Paris mwaka 1881. Wengine wangejibu kwa makala. Mach akataka kuiona hiyo hewa.

Hewa kuiona! Fikirini. Lakini mbinu ilikuwapo. Mwanafizikia wa Ujerumani, August Toepler, alikuwa ameshaonyesha kwamba mwanga ukipita kwenye hewa iliyobanwa hupinda kidogo, na kama ukipanga vioo na wembe wa kuzuia mwanga ipasavyo, ule mpindo unageuka kuwa weusi na weupe kwenye picha. Mach alikuwa Prague. Aliyeifanya kazi ya bunduki ni Peter Salcher, mwalimu kwenye chuo cha wanamaji cha Fiume, mji unaoitwa Rijeka leo, nchini Kroatia. Mwaka 1886 risasi ya Salcher ikapita katikati ya nyaya, ikaunganisha mzunguko, ikalipua cheche yake yenyewe. Yaani risasi ndiyo iliyojipiga picha. Picha zilizotoka kwenye vioo vyao zilikuwa na upana wa milimita chache tu, za kutazamwa kwa kikuzio, lakini ndani yake mlikuwa na kitu ambacho binadamu hakuwahi kukiona: risasi inayopita kasi ya sauti inavuta mkunjo wa hewa mbele yake na ubavuni, kama mawimbi yanayofunguka kwenye omo ya jahazi.

Nitawaonyesha faida yake. Hii hapa ni picha ya kivuli ya risasi ya bunduki ya kawaida yenye mtutu wa mifuo, ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi. Ile mistari miwili inayoanzia puani ni wimbi la mshtuko. Chukua kipimapembe cha mwanafunzi, pima pembe kati ya mstari mmoja na njia ya risasi. Nyuzi 24. Kasi ya sauti gawa kwa sini ya pembe hiyo, na unapata mita 840 hivi kwa sekunde. Umeipima kasi ya risasi kwa picha moja na plastiki ya shuleni. Nilipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia mara tatu, si kwa shaka, kwa raha tu.

Picha za kivuli hazihitaji hata lenzi. Mwingereza C. V. Boys mwanzoni mwa miaka ya 1890 alizipiga kwa cheche upande mmoja na bamba la picha upande mwingine, risasi ikapita katikati na kuacha kivuli chake pamoja na kivuli cha hewa iliyoitikisa.

Halafu kuna Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, ambaye mnamfahamu hata kama hamlijui jina lake. Ile picha ya tofaa lililopenywa na risasi ni yake, ya mwaka 1964. Alitumia maikrofoni, kama mimi na mzee wangu. Watu husifu rangi zake. Mimi naomba mtazame kitu kingine. Tofaa limelipuka pande zote mbili, pale risasi ilipotokea na pale ilipoingilia pia. Nani angekisia kwamba upande wa kuingilia nao hurusha nyama nje? Sekunde moja baadaye huna ushahidi, una mchuzi tu.

Turudi kwenye punje yetu yenye ubapa, maana nimeahidi.

Ganda linapolipuka, punje zote hazianzi safari kwa pamoja. Za nyuma zinasukumwa kwa nguvu dhidi ya za mbele ambazo bado zimetulia. Marisau haya ni ya risasi, madini laini ambayo jina lake na jina la kinachoua ni moja, na punje za chini hubanwa zikawa bapa kabla hazijauona mwanga. Nyingine husuguka kwenye ukuta wa mtutu. Punje ya mviringo hukata hewa vizuri. Punje bapa huyumba, hupungua kasi haraka, hupotea pembeni. Marisau ya chuma hayana shida hiyo, yanatoka yakiwa duara kama yalivyoingia, na kwenye picha unaweza kuyatambua kwa jinsi yalivyo nadhifu.

Sasa walenga shabaha wana kipimo chao cha siku nyingi. Wanapiga karatasi kubwa kutoka mita 36 na ushee, wanachora duara la sentimita 75, wanahesabu matundu. Mtutu uliobanwa sana mdomoni unatakiwa kuingiza kama asilimia 70 ya punje ndani ya duara. Ule usiobanwa, asilimia 40. Kipimo kizuri. Ila karatasi ina dosari moja: haina saa. Punje iliyofika kwanza na punje iliyofika mwisho zinaacha tundu lilelile. Ukiitazama karatasi unadhani marisau huenda kama sahani bapa. Kumbe kwa umbali huo yameshakuwa msafara, wenye urefu wa mita mbili, tatu, hata nne, za duara zikiwa mbele, zilizobondeka zikijikokota nyuma.

Miaka ya 1970 mwandishi mmoja wa Marekani, Bob Brister, alichoka kubishana kuhusu msafara huo. Akafunga ubao mrefu wa karatasi kwenye tela, mkewe akaliendesha gari lenye kuvuta tela lile mbele yake, naye akawa anaupiga ubao ukipita. Matundu yakasambaa kwa urefu, maana zile punje za mwisho zilikuta ubao umeshasogea. Namheshimu Brister, lakini nadhani shujaa wa jaribio lile ni aliyekuwa kwenye usukani.

Fanyeni hesabu wenyewe. Kwa umbali ule kasi imeshashuka hadi kama mita 200 kwa sekunde. Msafara wa mita tatu unachukua milisekunde 15 kupita. Kisahani cha udongo kinachokatiza mbele yako kwa mita 20 kwa sekunde kitakuwa kimesogea sentimita 30. Upana wake ni sentimita 11. Maana yake, punje za mkia wa msafara zinafika mahali ambapo kisahani kilikuwa.

Nilimchapishia mzee ile picha, kubwa, na ile punje bapa nikaizungushia kalamu nyekundu. Akaivaa miwani yake akaitazama muda mrefu.

"Kumbe ni wewe," akasema. Aliiambia punje, si mimi.

Kuna kaka amenyoosha mkono. Anauliza, kwa nini tusitumie tu hizi kamera za video za siku hizi zinazokwenda kasi? Swali la haki. Zipo, na zinafanya maajabu. Lakini kwa picha laki moja kwa sekunde punje yetu bado inasogea milimita 4 kati ya picha na picha, na ili kufikia kasi hiyo kamera nyingi hulazimika kupunguza ukubwa wa picha mpaka ibaki ukanda. Na kila picha inahitaji mwanga wake, kwa hiyo unamulika taa kali kiasi kwamba ubao unaanza kunuka moto. Video ina kitu ambacho cheche haina, nacho ni mfuatano. Cheche ina kitu ambacho video inakitafuta bado, nacho ni ukali. Ukiniuliza mimi, kwa kujua kilitokea nini kabla ya nini, video. Kwa kujua punje ilikuwaje, cheche.

Na kama unautaka ule msafara mzima katika picha moja, kuna njia ya tatu ambayo mmeiona kwenye riadha bila kuijua. Kamera ya mstari wa kumalizia mbio haina fremu. Ina ufa mwembamba tu, na kila kinachopita mbele ya ufa kinaandikwa kwa zamu yake, ndiyo maana wakimbiaji wanaonekana na miguu ya ajabu. Wataalamu wa balistiki, elimu ya mwendo wa risasi, hutumia ufa huohuo kwa risasi, filamu ikitembea nyuma yake kwa kasi inayolingana na kasi ya taswira ya risasi. Upana wa picha hiyo si mita, ni muda. Ile saa iliyokosekana kwenye karatasi ya shabaha, hii ndiyo.

Picha yangu ya mwisho. Hizi ni picha mbili za kivuli nilizoziweka ubavu kwa ubavu. Kushoto, punje karibu na mtutu. Kila moja ina upinde wake mdogo wa hewa mbele yake, na pinde zinagongana na kupishana kama magamba ya samaki. Kulia, punje kutoka ganda la aina ileile, mita 20 mbele. Hakuna upinde hata mmoja. Zimeshuka chini ya kasi ya sauti, na mawimbi yaliyokuwa yamezikumbatia yamezitangulia, yamekwenda zake. Ilinichukua usiku sita kuipata ya kulia, kwa sababu huko mbali marisau yametawanyika, na nilichokuwa nikisubiri ni punje moja au mbili zipite mbele ya kioo kisichozidi upana wa sahani.

Haya, maputo. Hapa mezani nina kamera, flashi ya kawaida nguvu ya chini kabisa, na maikrofoni iko sentimita 30 kutoka kwenye puto, hapa penye chaki. Nitafungua shata, nitahesabu hadi tatu, nitachoma pini. Likienda vizuri tutaona mpira umeshaanza kuchanika na hewa ya ndani bado haijapata habari. Naomba aliye karibu na swichi azime taa zote, na wenye simu wazifunike. Na tafadhali sana, asikohoe mtu.